Sapini ya mpangaji mpya: kusimamisha Noeli Kisangani

Umefika Kisangani mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Labda mizigo yako imepanda mto kwa wiki nzima na zaidi kutoka Kinshasa hadi bandarini, labda umeshuka kwenye gari lililopita barabara ya taifa namba 4 kutoka Beni na Komanda. Umelipa garanti, mwenye nyumba amekukabidhi ufunguo, godoro liko chini, sufuria mbili ziko pembeni. Majirani unawasalimia lakini majina yao bado yanakuchanganya. Kisha Desemba inaingia na watoto wanauliza: Noeli ya mwaka huu tutaifanyia wapi?

Ifanyieni hapo hapo, katika hicho chumba ambacho bado kinanuka chokaa. Simamisha sapini, hata kama ni ya urefu wa kiuno. Mtu anayesimamisha kitu ndani ya nyumba amekwisha kukubali moyoni kwamba anakaa, na majirani wanaopita mlangoni wanaliona hilo kabla hujafungua mdomo kulieleza. Mwongozo huu ni kwa mpangaji mpya wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Lubunga au komini ya Kisangani yenyewe, mwenye franka chache na nafasi ndogo.

Huenda mtu akakuambia sapini ni jambo la Wazungu. Ni kweli desturi hiyo ilikulia Ujerumani na Alsace, kwenye baridi na misonobari. Lakini hata Roma imeipokea juzi tu: uwanja wa Mtakatifu Petro ulipata mti wake wa kwanza mwaka 1982, kwa agizo la Papa Yohane Paulo II. Kama Vatikano ilingoja mpaka mwaka huo, nawe unayo haki ya kuipokea kwa namna yako, kwa miti na fito za mji huu.

Siku ya kuanza

Usingoje tarehe 24. Siku hiyo soko kuu limejaa, bei zimepanda, na kila fundi ana kazi ya mtu mwingine mkononi. Siku nzuri ya kuanza kukusanya vitu ni tarehe 1 Desemba, kumbukumbu ya Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista mzaliwa wa Wamba aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kwa wanaotoka Isiro, Wamba na vijiji vya upande ule, hiyo ni siku ya kwao hasa. Ukienda misa ya siku hiyo, angalia nani anaimba kwa sauti ya kwenu, umsalimie mkitoka. Ndivyo watu wengi wanavyopata ndugu wao wa kwanza mjini.

Kusimamisha kwenyewe fanya Jumamosi ya katikati ya mwezi, baada ya salongo. Saa hiyo watu wa parseli wako nyumbani, mikono yao ina udongo tayari, na hakuna anayejisikia kuombwa jambo kubwa ukimwita akushikie fito.

Mti upi

Sapini za plastiki zinapatikana madukani katikati ya mji. Nyingi zimeingia kwa malori kutoka upande wa Uganda. Sizikatazi. Mwenye uwezo anunue, aitunze, imfae miaka. Ila usiinunue kwa fedha ya kodi ya Januari, maana mwenye nyumba hapokei sapini badala ya kodi. Ukinunua, ifungue dukani uihesabu miguu na matawi, kwa sababu maboksi hayo husafiri mbali na mguu mmoja ukikosekana mti mzima hausimami.

Mti mchanga uliokatwa msituni ni shauri baya. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, hewa ni ya joto na unyevu mchana na usiku, na tawi lililokatwa huanza kupukutisha majani kabla ya wiki kwisha. Pamoja nalo utaingiza siafu, na mpangaji mpya mwenye siafu hupata umaarufu asioutaka.

Matawi ya mchikichi ni rahisi, ni mazuri, na kila mtu anayafahamu kwenye harusi na kwenye mapokezi ya wageni. Lakini kuna jambo moja ambalo mgeni lazima alijue: katika miji yetu mingi matawi hayo hayo husimikwa pia barabarani mbele ya nyumba yenye matanga. Ukiyasimika mawili makavu kando ya lango lako, huku hujulikani bado, jirani mwema anaweza kuingia na uso wa huzuni na mchango wa rambirambi mkononi. Kwa hiyo yaweke ndani au barazani, si barabarani, na uyafunge vitambaa vya rangi na maua. Kama huna uhakika, muulize mama yeyote mtu mzima wa avenyu. Atafurahi kuulizwa, na utakuwa umepata mtu wa kumwuliza mambo mengine.

Sasa nije kwenye sapini ninayoipenda kuliko zote, ambayo haipo mji mwingine wowote.

Sapini ya mgono

Kwenye maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma, Wagenya husimika magogo makubwa katikati ya miamba, na kwenye magogo hayo hutundika migono: vikapu virefu vya fito na kamba za msituni, vipana mdomoni, vinavyochongoka kuelekea mkiani. Maji hushuka kwa nguvu, samaki huingia na hawezi kurudi. Picha ya migono hiyo imezunguka dunia nzima. Watu wachache wameuangalia mgono mdogo uliowekwa chini umekauka, mdomo ukigusa ardhi, mkia ukielekea juu. Hiyo ni sapini tayari. Umbo lote lipo.

Usiende kuomba mgono wa kazini. Ule ni riziki ya ukoo fulani, na nafasi ya kuutundika ina wenyewe. Nenda ufukweni upande wa Wagenya mapema mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, salimia wazee kwanza, kisha eleza kwamba unataka mgono mdogo, mpya, wa kimo cha kiuno, kwa ajili ya Noeli ya watoto. Usiseme unataka kitu cha watalii, maana bei itakuwa ya watalii. Toa kitangulizi mlichokubaliana, na usibishane mpaka heshima iishe: kufuma ni kazi ya siku kadhaa, na fundi hufuma wakati mto unapomwachia nafasi. Ukiambiwa urudi wiki ijayo, rudi.

Ukipewa uliokwisha kutumika, utakuwa na harufu ya samaki. Usugue kwa maji, majivu na ndimu, uusuuze, kisha uanike juani siku mbili tatu, ukiugeuza. Upigepige kwa mkono juu ya ardhi ili wadudu wadondoke. Mpya hauhitaji hayo yote, jua la siku moja linautosha.

Usiuweke moja kwa moja kwenye sakafu, hasa ya udongo, kwa sababu unyevu hupanda na mchwa hufuata. Weka matofali matatu, au mawe matatu yanayolingana, usimamishe mgono juu yake. Funga kamba nyembamba kwenye ncha ya juu na kuipeleka kwenye msumari wa paa. Mtoto akiuvuta utayumba tu, hautamwangukia. Kama ni nyumba ya kupanga, omba ruhusa kabla ya kupiga msumari, hata ule mdogo.

Kisha chukua majani mabichi ya mchikichi, yale membamba yaliyochambuliwa kutoka kwenye kuti, na uyachomeke katika nafasi za mfumo kuanzia chini kwenda juu, ncha zikielekea nje na chini kidogo. Safu ya chini iwe ndefu, ya juu fupi. Yakianza kuwa manjano baada ya siku chache, chomoa uweke mengine. Hiyo ni kazi ya watoto na wanaipenda. Taa iweke ndani ya mgono, chini, si nje. Usiku mwanga unatoka kupitia matundu ya mfumo na kuchora ukutani vivuli vya fito zilizopishana, chumba kizima kinabadilika, na mtoto aliyekuwa analilia nyumba ya zamani anakaa kimya akifuata mistari ile kwa kidole.

Anayekaa mbali na Wagenya, au asiyefanikiwa kuupata, atengeneze ya mwanzi. Tafuta mwanzi mmoja mnene, ukate kipande cha mita moja na nusu. Pasha moto msumari mrefu kwenye mbabula, toboa matundu kulizunguka bua, umbali wa kiganja kati ya tundu na tundu, ukiacha sehemu ya chini bila matundu. Chomeka fito nyembamba za mchikichi au za mwanzi uliopasuliwa: za chini urefu wa mkono mzima, za juu urefu wa kidole. Chukua ndoo ya rangi iliyokwisha, simika bua katikati, jaza kokoto kwanza na mchanga wa mto juu, mwagia maji kidogo na ushindilie. Ndoo yenyewe ivike kitenge. Sapini hii inavunjwa na kufungwa kamba moja, unahama nayo hata kwenye toleka.

Mapambo

Theluji ya pamba iache. Pamba inashika moto kwa cheche moja, na kwenye unyevu wa hapa huanza kunuka baada ya siku chache. Mapambo ya karatasi na kadibodi nayo hulegea na kuota ukungu. Mvua hupungua Desemba lakini haikati kabisa, kwa hiyo chagua vitu visivyoogopa maji: vizibo vya chupa vilivyotobolewa katikati na kufungwa uzi, maganda makavu ya matunda ya msituni, shanga, vijiko vya zamani, vipande vya vitenge. Kitenge hakishindwi na kitu hapa. Mama mwenye sanduku la zamani mara nyingi ana kipande cha SOTEXKI, kiwanda cha nguo cha mji huu, kilichochakaa kiasi cha kutofaa kuvaliwa. Mwombe upana wa vidole viwili tu.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Usipambe peke yako ukamaliza. Acha nusu ya sapini wazi. Kila anayeingia mlangoni tangu siku hiyo, awe jirani, fundi wa paa, mwanafunzi mwenzako wa UNIKIS, mama anayekuuzia makala, mpe uzi na kipande cha kitambaa, umwombe afunge anapotaka na atamke jina lake. Wewe funga kitu kimoja cha ulikotoka: buni chache kutoka milima ya Butembo, ushanga wa bibi, mbegu za mbika kutoka shamba la kwenu Opala. Watakuuliza ni nini, nawe utaeleza, na kwa kueleza watakufahamu. Ifikapo Noeli utakuwa unajua majina ya avenyu nzima, kwa sababu umeyaona yakifungwa. Nimeona wapangaji walioishi parseli moja miaka mitatu kwa salamu za mbali, na nimeona wengine waliokuwa na wajomba na mashangazi kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Waliofaulu waliomba msaada mdogo mapema.

Nyota ya juu ni rahisi. Pasua mwanzi, upate vipande vitano vya urefu mmoja, kiasi cha shubiri moja na nusu. Vipange chini kama unavyochora nyota bila kuinua kalamu, ncha ikigusana na ncha, na mahali vinapopishana kimoja kipite juu na kingine chini. Funga ncha tano kwa uzi uliopakwa utomvu au nta, kisha funga na makutano ya katikati. Vika kitambaa chepesi cheupe au cha manjano, weka tochi ndogo ya jua nyuma yake. Wanaoishi kwenye kambi na madarasa, na tangu mgogoro wa ardhi wa Wambole na Walengola uanze mwaka 2023 wako maelfu, huenda hawana nafasi ya sapini yoyote. Nyota hii peke yake juu ya mlango wa hema inatosha, na kuitengeneza hakuhitaji fedha.

Chini ya sapini weka pango. Desturi hiyo inarudi kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeionyesha Noeli kwa hori na wanyama huko Greccio mwaka 1223. Udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto unafaa sana. Uchague mawe na mizizi, uukande mpaka uache kushikamana na vidole, watoto wafinyange Maria, Yosefu, mtoto, mbuzi na kuku. Sanamu ziwe fupi na nene, maana shingo nyembamba hupasuka. Zikaushe kivulini siku tatu nne kwanza, ndipo juani. Zikianza na jua zitapasuka zote. Wachungaji wa kondoo hatunao hapa, basi wacha watoto waweke mvuvi na mtumbwi wake.

Mwanga na moto

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu nyumba zetu nyingi ziko karibu karibu, nyingine zina paa la majani, na moto wa chumba kimoja ni moto wa parseli nzima.

Mshumaa usiuweke kwenye sapini, wala koroboi, hata kwa dakika za kupiga picha. Mgono mkavu na majani makavu huwaka haraka kuliko mtu anavyoweza kufika kwenye ndoo. Mbabula iwe mbali, nje ikiwezekana. Mwanga ulio bora ni wa taa ndogo za jua au za betri. Zianike asubuhi pamoja na nguo, jioni ziko tayari.

Umeme wa SNEL unaotoka kwenye bwawa la mto Tshopo haufiki kila mtaa, na unapofika hukatika. Hatari kubwa iko pale unaporudi: hurudi kwa kishindo, na hapo ndipo taa na chaja huungua. Ukikatika, chomoa taa za sapini mara moja, ungoje kidogo baada ya kurudi kabla ya kuchomeka tena. Usichomeke nyaya zilizochunwa moja kwa moja kwenye soketi bila plagi, ingawa utaona wengi wakifanya hivyo. Baada ya robo saa gusa plagi na waya: vikiwa vya moto, zima na usitumie tena. Mkienda misa ya usiku, zimeni kila kitu. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango, ule ule uliobakiza wakati wa kusimika mwanzi.

Na fataki. Mgeni lazima alielewe hili kwa undani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mizinga, mamia ya raia wakauawa, nyumba na makanisa yakapigwa. Watu wanaiita vita vya siku sita. Jirani yako wa miaka arobaini alikuwa kijana chini ya kitanda siku hizo. Usiwanunulie watoto fataki. Mtoto wako atasikia mchezo, lakini mama wa nyumba ya pili atasikia kitu kingine kabisa, usiku wa furaha, na hatakuambia. Ngoma, nyimbo na sufuria zinatosha kupiga kelele.

Majirani wasioshika Noeli hii

Siyo kila anayekuzunguka ana Noeli tarehe 25 Desemba. Wakimbangu huadhimisha tarehe 25 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Salomon Dialungana, mwana wa Simon Kimbangu. Ukiwa na jirani Mkimbangu, iandike tarehe hiyo na umtembelee. Mashahidi wa Yehova hawashiriki kabisa, hivyo usiwasukume uzi mkononi. Wape samaki siku nyingine. Waislamu ni wenyeji wa zamani wa mji huu. Tippu Tip alifanywa liwali wa hapa mwaka 1887, miaka kumi kabla ya Padre Gabriel Grison kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na Kiswahili unachosalimiana nacho asubuhi kilitangulia msalaba. Familia nyingi za Kiislamu huja kuona sapini na kula, nawe utaitwa Idi. Cha kuzingatia ni chungu: nyama yako iwe ya kuchinjwa kwa njia yao, au upike samaki tu na kuondoa shaka.

Kwa chakula hakuna haja ya kujitutumua. Lituma ya ndizi iliyopondwa vizuri, samaki wa liboke, sombe, na bakuli la vitumbua vya watoto wanaopita. Watoto watapita wengi, tarehe 25 na zaidi tarehe 1 Januari wakiwa na nguo mpya, na wataomba. Andaa vitu vidogo vingi badala ya vikubwa vichache. Ukiishiwa, waoneshe sapini, wafunge uzi. Nao huo ni ukarimu.

Baada ya sikukuu

Tarehe 4 Januari ni sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru, watu hawaendi kazini, ni siku nzuri ya kushusha. Wanaotaka kungoja Epifania wangoje, lakini usiiache mpaka Februari, mchwa hawana kalenda. Vitambaa vyenye majina usivitupe: vifungue kimoja kimoja, vipange kwenye mfuko mkavu, mwakani vitarudi pamoja na vipya. Mgono utundike juu kwenye dari ya jikoni ambako moshi hupita, wadudu hawataugusa.

Baadhi ya watu huniuliza kuhusu mche: kwa nini usiwe sapini ya mche wa msafu, mwembe au mlimau ndani ya ndoo, kisha Januari ukapandwa? Ni wazo zuri, na karibu nasi, kiasi cha kilomita mia moja kushuka mto, iko Yangambi, ambako utafiti wa kilimo na miti umefanyika tangu mwaka 1933. Mche mdogo wenye vitambaa vitano unapendeza, na mwanga wa tochi hauudhuru. Ila kabla ya kutia jembe ardhini, simama.

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Taifa. Kwenye avenyu mambo yanasomwa kwa macho. Mpangaji akipanda lengalenga na bamia nyuma ya nyumba, hakuna atakayeuliza. Akipanda msafu, mti utakaozaa baada ya miaka na kusimama miaka mingi zaidi, swali linazuka: huyu anakaa mpaka lini, na matunda yatakuwa ya nani? Katika desturi za sehemu kubwa ya nchi yetu mti wa kudumu ni tamko la mwenye ardhi. Katika mji ambao watu wamefika wakikimbia ugomvi wa mashamba, tamko hilo lina uzito. Kwa hiyo mwendee mwenye nyumba na mche wako ukiwa bado ndani ya ndoo, mbele ya jirani mmoja mtu mzima. Sema: baba, tunaomba kupanda mti huu, utakuwa wako. Wengi watakubali kwa furaha, na kodi ya mwezi ule mtazungumza kama ndugu. Akikataa, usikasirike. Mche una ndoo, na ndoo ina mpini, utakwenda nawe mpaka kwenye kiwanja chako mwenyewe, au utaupeleka parokiani ambako sikuzote kuna mahali pa kivuli.

Na kama mwaka huu wewe ni mwenyeji tayari, tazama parseli yenu. Kuna mpangaji aliyeingia Novemba, ambaye hajui soko lipi lina uzi wa bei nafuu wala Wagenya wanapatikana saa ngapi. Mpelekee fito mbili na kipande cha kitenge kabla ya Jumamosi ya salongo, na umshikie bua anaposhindilia mchanga.